Kutoa silikoni za matiti: amua mapema unataka kuamka na kifua gani

Anza kwa kutafuta kadi, daktari atafuata. Siku uliyowekewa silikoni ulipewa kadi ndogo au karatasi yenye stika mbili, moja ya titi la kulia na moja ya kushoto. Juu yake kuna jina la kampuni, ujazo kwa mililita, namba ya kifaa, na aina ya uso wake: laini au wa kukwaruza. Pekua droo, bahasha ya vyeti, picha za simu ya zamani. Ikiwa ulifanyiwa Istanbul, Mumbai au Johannesburg, waandikie barua pepe uombe ripoti ya upasuaji, kwani humo ndimo ilimoandikwa kama silikoni ilikaa juu ya msuli wa kifua au chini yake.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Nilianzia kazi Mombasa, nikakaa Birmingham miaka mingi, sasa niko Nairobi. Wakati wa upasuaji nasimama mezani nikimpa daktari vifaa. Siku za kliniki nakaa na wagonjwa wakati wa kufungua vidonda. Kutokana na pande hizo mbili za kazi nina jambo moja la kukuambia, dada yangu, na yote yatakayofuata yanalitegemea. Kutoa silikoni ni uamuzi mmoja. Kifua kitakachobaki ni uamuzi mwingine. Wanawake wengi wanakuja wameshakata shauri kuhusu la kwanza, na la pili wanaliacha mpaka asubuhi ya upasuaji, wameshavaa gauni la hospitali na kanula iko mkononi. Hapo mtu anakubali chochote anachoambiwa.

Kadi inakuambia nini

Ukikuta imeandikwa PIP, panga kuzitoa. Kampuni hiyo ya Ufaransa ilijaza silikoni ya viwandani isiyoidhinishwa kwa tiba. Ziliondolewa sokoni Machi 2010, na mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, akahukumiwa kifungo mwaka 2013. Ufaransa iliwashauri wanawake wazitoe hata wasiposikia maumivu. Uingereza ikaliacha suala hilo baina ya mwanamke na daktari wake. Mimi nimeshika msimamo wa Ufaransa, hasa leo, ambapo hata zile za mwisho zimeshapita miaka kumi na tano mwilini.

Ukikuta Biocell ya Allergan, hizo ni za uso wa kukwaruza, na kampuni iliziita zirudi kutoka dunia nzima Julai 2019. Sababu ni aina ya limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, inayoota kwenye kovu linaloizunguka silikoni. Ni ugonjwa wa nadra, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haikuwaambia wasio na dalili wakimbilie kisu. Lakini ijue dalili yake: titi moja linavimba na kujaa maji, mara nyingi miaka kadhaa baada ya upasuaji, bila ya kugongwa wala kuumia. Likikutokea hilo, usianze na tarehe ya kutoa silikoni. Anza na altrasaundi, maji yavutwe kwa sindano, na yapelekwe maabara yapimwe seli pamoja na kipimo kinachoitwa CD30. Nimeshasikia maji ya namna hiyo yakimwagwa kwenye sinki kwa sababu yalionekana masafi. Wewe sema kabla ya sindano kuingia: naomba yapimwe.

Kama kadi haikupatikana kabisa, usikate tamaa. Altrasaundi ya mtu mzoefu au MRI itaonyesha kama ndani ya silikoni kuna jeli au maji ya chumvi, kama ni nzima, na kama iko juu au chini ya msuli.

Je, lazima zitoke?

Silikoni hazina tarehe ya kuharibika kama maziwa ya pakiti. Zile za maji ya chumvi zikitoboka utajua, kwani titi hunywea ndani ya siku chache. Za jeli hupasuka kimya kimya na titi likabaki na umbo lilelile, ndiyo maana FDA inashauri kipimo cha kwanza cha altrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekwa, kisha kila miaka 2 hadi 3, hata kama husikii kitu.

Kuna wanaozitoa kwa sababu ya ugumu. Mwili hujenga kifuko cha kovu kuzunguka kila kitu kigeni, na kwa baadhi ya wanawake kifuko hicho hujikaza. Madaktari hukipima kwa daraja nne za Baker: ya kwanza titi ni laini, ya pili mkono unasikia ugumu kidogo, ya tatu hata jicho linaona kuwa umbo limevutwa, ya nne kuna maumivu. Daraja la tatu na la nne ni sababu tosha. Vivyo hivyo silikoni iliyopasuka, iliyohama mahali pake, au iliyopata usaha. Na kuna sababu isiyohitaji kipimo: umechoka nazo. Uliziweka ukiwa na miaka ishirini na sita, leo una arobaini na mbili, umezaa, mgongo unauma, unataka kulala kifudifudi. Hiyo ni sababu kamili na huna haja ya kumuomba mtu radhi.

Wapo pia wanaokuja na uchovu usioisha, viungo kuuma, nywele kukatika, kusahausahau, wakiamini silikoni ndiyo chanzo. Nawasikiliza kwa heshima, kwa kuwa taabu yao ni ya kweli. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha ugonjwa huo. Baadhi yao hupata nafuu wakizitoa, wengine hawapati. Kwa hiyo pima kwanza tezi ya shingo, wingi wa damu, sukari, vitamini D na homoni. Mwalimu mmoja wa Thika alikuja na orodha ndefu ya dalili hizo, vipimo vikaonyesha upungufu mkubwa wa damu kutokana na uvimbe wa kizazi. Akatibiwa hilo, kisha silikoni akazitoa baadaye kwa hiari yake, akiwa na nguvu za kupona.

Kifuko: hapa ndipo panapobishaniwa

Utakuwa umeona video za wanawake wakidai daktari lazima atoe silikoni na kifuko chake chote kwa pamoja bila kukifungua, wanayoiita enbloki. Kuna madaktari wanaoitangaza kama ndiyo njia pekee safi. Ukweli ni kwamba upasuaji wa namna hiyo una mahali pake, napo ni pale penye limfoma au inayoshukiwa. Kwa wengine wote kuna ngazi tatu: kukiacha kifuko, kutoa sehemu yake, au kukitoa chote vipande kwa vipande.

Kifuko chembamba na laini kikiachwa, mara nyingi mwili hukinyonya polepole. Kilicho kinene, chenye chokaa, au kilichogusana na jeli iliyovuja, ni vyema kitoke. Lakini silikoni ikiwa chini ya msuli, ukuta wa nyuma wa kifuko umeshikamana na mbavu, na nyuma ya mbavu kuna pafu. Kukikwangua chote kwa nguvu kunaweza kutoboa utando wa pafu. Nimekuwepo chumbani hewa ilipoingia, na nakuambia ni dakika nzito sana kwa kila aliyepo. Daktari mwenye busara ataacha kipande hicho cha nyuma kikimkatalia. Hata kwa wanawake waliotoa silikoni kwa sababu ya uchovu na maumivu ya mwili, tafiti za karibuni zimeonyesha waliopata nafuu waliipata iwe kifuko kilitolewa chote, nusu, au kiliachwa.

Kila unachotoa kwenye kifuko huchukua pia nyama kidogo ya titi, na nyama hiyo ndiyo utakayoihitaji kwa umbo. Basi muulize daktari maswali haya, na uandike majibu: utatoa kifuko kiasi gani kwangu, na kwa nini? Ukikuta kimeshikamana na mbavu utafanyaje? Je, kitapelekwa patholojia, yaani maabara ya kupima nyama za mwili? Mimi nashauri kila kifuko kipimwe, hata kikionekana cha kawaida, na silikoni zenyewe zipigwe picha pamoja na namba zake kabla ya kutupwa. Ukitaka kuondoka nazo, sema mapema, kwani baadhi ya hospitali hazikubali.

Umbo: simama mbele ya kioo

Vua sidiria, simama wima, mikono chini. Tafuta mkunjo ulio chini ya titi, tazama chuchu iko wapi ukilinganisha na mkunjo huo. Ikiwa iko juu yake na inatazama mbele, ngozi yako ina nafasi ya kujirudi. Ikiwa iko usawa wa mkunjo au imeshuka chini yake, tena silikoni ikiwa bado ndani imebeba titi, basi zikitoka itashuka zaidi. Kisha bana sehemu ya juu ya titi kwa kidole gumba na cha shahada. Unachokibana hapo ni nyama yako mwenyewe. Kikiwa kinene una mtaji wa kufanyia kazi. Kikiwa chembamba kama ngozi ya kiganja, kila mpango utakuwa na mipaka. Tafuta na picha yako ya kabla ya silikoni, umpelekee daktari.

Hayo pamoja na umri, kunyonyesha, ukubwa wa silikoni na miaka zilizokaa ndiyo yanayoamua. Silikoni za mililita 250 kwa mwanamke wa miaka thelathini ambaye hajazaa hazifanani hata kidogo na za mililita 500 zilizobebwa miaka kumi na nane na mama wa watoto watatu.

Chaguo la kwanza ni kuzitoa na kusubiri. Ndilo la bei nafuu, lina makovu machache, na ndilo wanawake wanaloliogopa kuliko yote, kwa sababu wiki za mwanzo hazipendezi. Titi linaonekana limesinyaa, juu pamebonyea, ngozi ina mikunjo, wakati mwingine chuchu imevutwa ndani. Wengi hulia siku ya kufunguliwa bandeji, na mimi huwaambia mapema kwamba hicho sicho kifua chao cha mwisho. Ngozi na nyama hujikusanya kwa miezi mitatu ya kwanza, na mabadiliko huendelea taratibu karibu hadi mwaka. Anayesubiri anapata kitu ambacho daktari hawezi kukupa siku ya upasuaji: anaona kifua chake halisi kabla ya kuamua kama anataka kingine. Wapo waliokuja wakitaka kuinuliwa, wakasubiri, wakaona hawana haja.

Kama zako ni za maji ya chumvi, uliza kuhusu kuzipunguza kwanza. Daktari anaweza kuzitoboa kwa sindano hapo kliniki, maji yakatoka, kisha ukakaa wiki kadhaa ngozi ikijirudi huku ukiona umbo lako kabla ya siku ya kuzitoa. Si kila daktari hufanya, lakini kuuliza si ghali.

Chaguo la pili ni kuinua matiti. Ngozi iliyozidi hukatwa, chuchu hupandishwa, na nyama iliyobaki hukusanywa pamoja. Mara nyingine daktari hukunja nyama ya chini ya titi na kuiingiza pale silikoni ilipokuwa, ili juu pasibaki patupu. Makovu yana namna tatu: kuzunguka duara jeusi la chuchu peke yake, kwa walioshuka kidogo, kuzunguka duara kisha mstari kushuka hadi kwenye mkunjo, au yote hayo pamoja na mstari wa tatu unaofuata mkunjo wenyewe, kwa walioshuka sana. Usikubali kuahidiwa kovu dogo kwa titi lililoshuka sana, maana ngozi itabaki na utarudi tena mezani.

Swali kubwa ni kuinua siku ileile ya kutoa au baadaye. Siku ileile kuna nusukaputi moja, bili moja, likizo moja ya kazi. Lakini chuchu huishi kwa damu inayopita kwenye nyama iliyo nyuma yake. Silikoni imeikandamiza nyama hiyo kwa miaka, kutoa kifuko kumeipunguza, kisha kuinua kunaikata tena pembeni. Damu ikikosa njia, chuchu hufa, yote au sehemu yake. Wapo madaktari wanaotaka angalau sentimita 4 za nyama nyuma ya chuchu kabla ya kukubali kuunganisha. Anayevuta sigara au shisha, mwenye kisukari kisichotulia, aliyewahi kuinuliwa zamani, mwenye nyama nyembamba: kwa hawa mimi naunga mkono kutenganisha. Toa kwanza, rudi baada ya miezi mitatu hadi sita au zaidi, damu ikiwa imeshajitengenezea njia. Bili mbili zinauma, najua. Kupoteza chuchu hakurekebishiki kirahisi.

Na bado unataka kuzaa? Ahirisha kuinua ukiweza. Mimba na kunyonyesha vitalibadilisha titi upya, na kuhamisha chuchu kunaweza kupunguza uwezo wa kutoa maziwa. Ikiwa unanyonyesha sasa, maliza, kisha ngoja miezi kadhaa titi litulie.

Chaguo la tatu ni mafuta yako mwenyewe. Hunyonywa kwenye tumbo au mapaja, husafishwa, kisha hudungwa kidogokidogo ndani ya titi. Hujaza vizuri ile sehemu ya juu iliyobonyea na hulainisha kingo. Lakini si mafuta yote yanayoishi. Sehemu kubwa kidogo hubaki na nyingine hunyonywa na mwili, kwa hiyo panga akilini mwako zaidi ya mara moja. Yasiyoishi yanaweza kuacha vinundu vigumu au vifuko vya mafuta vinavyoonekana kwenye mamogramu, yaani eksirei ya matiti, na ni lazima umwambie mpimaji kwamba ulidungwa mafuta. Hayafikii ukubwa wa silikoni ya mililita 400, na atakayekuahidi hivyo muache. Mwembamba sana hana pa kuyatoa. Ukikonda baadaye, nayo yatakonda.

Chaguo la nne ni kubadilisha, kuweka ndogo zaidi. Wengine ndilo wanalolitaka kwa kweli na wanaona aibu kulisema. Liseme. Ila ukichagua hilo, umechagua pia vipimo vya kila baada ya miaka michache na upasuaji mwingine siku za mbele.

Kama silikoni yako ilikaa chini ya msuli, uliza swali ambalo wengi hawalijui: je, utaurudisha msuli kwenye mbavu? Msuli huo uliachanishwa na mfupa ili kutengeneza nafasi. Msuli usiposhonwa, baadhi ya wanawake hubaki wakiona titi likiruka kila wanapokaza mkono.

Kuna dada zetu ambao silikoni ziliwekwa baada ya kukatwa titi kwa saratani. Kwao hesabu ni nyingine, hasa waliopigwa mionzi, ambayo huifanya ngozi kuwa ngumu na isiyopona haraka. Wanaweza kutengenezewa titi kwa ngozi na mafuta ya tumbo, yanayohamishwa pamoja na mishipa yake na kuunganishwa kwa hadubini, au kwa msuli wa mgongo. Ni upasuaji mrefu, wa saa nyingi, na unahitaji timu inayoufanya mara kwa mara. Wanaweza pia kuchagua kifua bapa kilichofungwa vizuri, bila mikunjo ya ngozi iliyozidi pembeni kwapani. Hilo nalo ni umbo, lina ufundi wake, na linaombwa kwa jina: mwambie daktari hutaki ngozi iachwe kwa ajili ya baadaye. Titi la kuvaa ndani ya sidiria lipo, la silikoni au la uzi wa pamba, na halihitaji kisu.

Mume au mama aje kliniki ukipenda. Swali la ukubwa na umbo likiulizwa, lijibu wewe.

Daktari na bili

Nchini Kenya jina la daktari na la hospitali yanatafutwa kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC. Awe amesajiliwa kama bingwa wa upasuaji rekebishi, na leseni iwe ya mwaka huu. Tanzania orodha iko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na Muhimbili Mloganzila wanafanya upasuaji rekebishi. Muulize daktari ametoa silikoni ngapi, kwani kuweka na kutoa ni mikono tofauti, na akuonyeshe picha za waliotolewa bila kuwekewa nyingine. Uliza nani atatoa nusukaputi, na kama kuna kitanda cha uangalizi maalumu hapohapo au karibu. Nyumba ya urembo isiyo na mtaalamu wa nusukaputi haina ruhusa ya kukufungua kifua, hata iwe na sakafu inayong'aa vipi.

Bili iandikwe kipengele kwa kipengele: chumba, nusukaputi, kutoa, kifuko, patholojia, kuinua, sidiria ya upasuaji, kufungua vidonda. Patholojia ndiyo husahauliwa na ndiyo hukatwa mgonjwa akiomba apunguziwe. Bima kwa kawaida hazilipi urembo, lakini silikoni iliyopasuka au yenye usaha ni ugonjwa. Omba barua ya daktari yenye majibu ya kipimo uwapelekee kabla ya upasuaji. Walioko Uingereza wakumbuke kuwa NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, huweza kuzitoa ikiwa kuna sababu ya kitabibu, hata kama ziliwekwa kwa fedha binafsi, ila kwa kawaida haiweki nyingine.

Wiki za kabla

Acha sigara, shisha na sigara za umeme angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Plasta na pipi za nikotini nazo hubana mishipa. Aliyefika miaka arobaini apige mamogramu kabla. Kama hujui hali yako ya selimundu, pima, na mwenye ugonjwa huo aseme mapema ili wa nusukaputi ajipange. Mwambie daktari kila unachomeza: aspirini, diklofenaki, brufen, vidonge vya kitunguu saumu na tangawizi, mafuta ya samaki, na sindano za kupunguza uzito, ambazo huchelewesha chakula tumboni.

Onyesha makovu yako ya zamani, tundu la sikio, chale, mshono wa uzazi. Sisi ngozi yetu hupenda kuota keloidi, yaani kovu linalovimba, na mahali pabaya zaidi ni karibu na mfupa wa katikati ya kifua. Daktari akijua, atauzuia mstari wa kovu usifike huko na atapanga mapema plasta za silikoni, na sindano za stiroidi ikibidi.

Nyumbani shusha vyombo vya kila siku kutoka kabati la juu. Suka nywele kabla, kwa kuwa mikono haitapanda. Dera halifai wiki za mwanzo maana linapitishwa kichwani. Andaa mashati ya vifungo, leso, au buibui ya zipu mbele. Tafuta wa kubeba mtoto na wa kusonga ugali. Nasema hivyo kwa uzito wote: mwiko wa ugali na nguo za kufua kwa mkono zimewahi kufungua mishono niliyoiona ikishonwa vizuri.

Siku yenyewe na baada yake

Kutoa peke yake huchukua saa moja au mbili. Ukiongeza kifuko na kuinua, zaidi. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo au ya pili. Unaweza kuamka na mirija ya kutolea maji, mmoja kila upande. Andika kiasi kila asubuhi na jioni. Kwa kawaida hutolewa maji yakishuka chini ya takriban mililita 30 kwa saa 24. Lala chali, mito mgongoni. Vaa sidiria ya upasuaji usiku na mchana kwa muda utakaoambiwa, nayo isiwe na waya. Tembea ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza ili damu isigande miguuni. Anayeswali aswali ameketi, kusujudu kunavuta kifua. Kazi ya ofisini wengi huirudia baada ya wiki moja au mbili. Ndoo, mtoto, mazoezi na pikipiki vingoje wiki nne hadi sita.

Piga simu hospitali usiku huohuo, usingoje kliniki, ukiona titi moja limevimba ghafla na kukaza kuliko jingine, chuchu imebadilika kuwa nyeusi au ya baridi, homa imepita nyuzi 38, kidonda kinatoa usaha au harufu. Pumzi ikikata, kifua kikichoma unapovuta hewa, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, nenda moja kwa moja idara ya dharura na uwaambie umetoka kufanyiwa upasuaji wa kifua.

Usipime matokeo kwa picha za wiki ya pili. Jipige picha mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, mahali pamoja na mwanga uleule, ndipo mzungumze na daktari kuhusu mafuta au kuinua. Kovu likishafunga, paka jeli au bandika plasta ya silikoni kwa miezi, kinga jua, na ukiona linaanza kunyanyuka na kuwasha rudi mapema, kwani keloidi changa husikia dawa kuliko iliyokomaa.

Majibu ya patholojia huchukua wiki kadhaa. Usipopigiwa, piga wewe, uchukue nakala ya karatasi. Iweke pamoja na ripoti ya upasuaji na ile kadi ya zamani, na kila utakapoenda kupiga mamogramu mpe mpimaji aone.